Hili Duara au Kiazi?

Karakana ilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba ya mama, na ndani yake mlikuwa na kompyuta moja na kiti kimoja. Ugomvi wote ulianzia kwenye kiti.

Asubuhi kiti kilikuwa cha Mama Pacha. Baada ya chakula cha mchana kilikuwa cha wifi yake, ambaye tangu utotoni aliitwa Rula kwa sababu hakuwahi kuchora mstari bila kuuwekea rula, hata alipochora mkia wa paka. Wote wawili walichora bodi za saketi, zile sahani nyembamba za kijani zinazokaa ndani ya redio, pampu na mizani, zenye njia za shaba badala ya nyaya. Katikati yao alikuwepo mume wa mmoja na mdogo wa mwingine, mtu mpole ambaye kila mtu alimwita Fundi, mama yake mzazi, mwenye nyumba, akiwemo. Kazi yake ilikuwa kuchomelea vipuri kwenye bodi. Moshi wa risasi ya kuchomelea aliupuliza pembeni usimwingie machoni, na maneno ya wanawake hao alijifunza kuyapuliza vivyo hivyo.

Mama Pacha na Rula hawakuwa wakisemeshana. Walipopishana mlangoni, mmoja alitazama dari na mwingine alitazama viatu vyake. Waliandikiana tu, tena mahali pa ajabu.

Programu ya kuchorea bodi hupanga mchoro kwa matabaka, kama mashuka yaliyotandikwa moja juu ya jingine. Kuna tabaka la shaba ya juu, la shaba ya chini, na la maandishi meupe. Kuna na tabaka la maelezo, ambalo kiwanda hakilichapishi. Hilo ni la mchoraji kujiandikia mambo yake: kipimo hiki kisibadilike, tundu hili ni la skrubu. Kwa kuwa faili lilikuwa moja na waliolishika ni wawili, tabaka la maelezo likawa ndiyo njia yao ya kupashana habari za kazi. Mwanzoni waliandika "tafadhali". Baadaye tafadhali ikaanguka. Rula aliandika kwa herufi kubwa, Mama Pacha kwa herufi ndogo.

"NANI AMESOGEZA MISTARI YANGU YA GRIDI?"

"gridi ni ya bodi."

"NJIA HII INAPITA KAMA MLEVI ANARUDI KWAKE."

"angalau yeye ana kwake."

Hilo la mwisho lilimchoma Rula kuliko alivyoonyesha, maana alikuwa amerudi kuishi kwa mama yake baada ya ndoa kuvunjika, na Mama Pacha alilijua hilo vizuri sana alipokuwa akiandika.

Ukimuuliza Rula nani alianza, angekwambia kiti kilikuwa cha baba. Baba ndiye aliyemfundisha kuchora njia kwa kalamu ya rangi juu ya bamba la shaba, kulitumbukiza bamba kwenye dawa, kisha kukwangua kwa wembe vijishaba vilivyobaki mahali pasipotakiwa. Baba alipofariki, Rula alikaa kwenye kiti kile bila kumuuliza mtu, na hakuna aliyeshangaa.

Ukimuuliza Mama Pacha, angekuonyesha vidole vyake. Alipoolewa katika nyumba ile alikabidhiwa beseni. Kazi ya beseni ni kulitikisa taratibu ili dawa iile shaba sawasawa, na dawa hiyo hupenya glavu na kuacha ngozi na rangi ya kutu. Dukani alizoea kupokea chenji kwa ngumi, vidole visionekane. Wakati Rula akiwa kwenye shughuli zake, yeye alikuwa akivua glavu na kukaa kwenye kompyuta, anabonyeza hiki, anafuta kile, mpaka akaelewa. Siku moja Rula alirudi mapema akamkuta kwenye kiti, na kwenye skrini kuna bodi iliyokamilika. Rula aliikagua pembe hadi pembe hakuona kosa. Pengine angeona kosa angemwonyesha, na mambo yangeenda vingine. Bodi ilikuwa nzima. Mama akaamua kwamba siku igawanywe mara mbili. Mabamba ya kawaida yakapelekwa kiwandani, beseni likawekwa chini ya meza kwa kazi ndogo ndogo, na Mama Pacha akatoka kwenye glavu. Kiti hicho ndicho kilichomtoa kwenye beseni, na kila aliyeishi humo alijua kwamba hakukitaka kiti kwa sababu ya kukaa.

Kisha ikaja kazi ya majiko.

Mteja huyo walimwita mtu wa majiko. Alitengeneza majiko ya umeme yenye uso wa kioo, na alitaka kuondoa vitasa vya kuzungusha. Alitaka mpishi apitishe kidole juu ya kioo kwa kuzunguka, na moto upande na kushuka kwa kufuata kidole. Chini ya kioo panakaa bodi yenye pete ya shaba iliyokatwa vipande, na kila kipande kinahisi kidole kinapopita.

Rula ndiye aliyeichora pete ya kwanza. Aliichora kwa mistari iliyonyooka, vipande kama vigae vilivyopangwa kuzunguka kisima, safi, kila kona sawa na mwenzake. Bodi ilipendeza. Lakini kidole kilipotoka kigae kimoja kwenda kingine, moto uliruka. Ukitaka uji utokote, unafurika. Mtu wa majiko alirudisha bodi kwa upole. Alisema anataka kitu kinachoteleza, bila kuruka.

Mama Pacha akachukua kazi. Alifikiri kwamba kidole lazima kianze kugusa kipande cha pili kabla hakijakiacha cha kwanza. Kwa hiyo kila kipande alikichora kinene upande mmoja, kikapinda kufuata pete, kikachongoka hadi kuwa ncha, na ncha hiyo ikaingia kwenye tumbo la kipande kinachofuata, kama samaki wanaofukuzana. Tatizo lilikuwa programu. Iliweza kuchora njia na iliweza kuchora tao jembamba, ila umbo nene lenye kingo mbili zilizopinda kila moja kivyake haikuliweza. Akaenda kwenye programu nyingine, ile wanayotumia watu wa mabango na kadi za harusi. Alichora samaki mmoja humo, akamnakili kuzunguka kitovu, kisha akaiingiza pete nzima kwenye bodi. Mara ya kwanza iliingia kubwa kama sinia. Mara ya pili iliingia kichwa chini. Wiki zikapita hivyo.

Rula alizifuata kazi hizo kila mchana kwa hamu ya mtu anayesubiri mwenzake ajikwae. Siku moja alikuza picha hadi mwisho, akaona kitu kilichomfurahisha.

"NIMEKUZA. KUMBE MAPINDO YAKO YOTE NI VISTARI VIFUPI VILIVYONYOOKA. ASANTE KWA KUKUBALI."

Ni kweli, programu ilikuwa inavunja kila pindo kuwa vistari vingi. Mama Pacha alijibu asubuhi yake.

"umekaribia mno. rudi nyuma uone. nyuma zaidi. mpaka mlangoni."

Mchana huo Rula hakuandika. Aliingia karakana Mama Pacha akiwa bado anakusanya vitu vyake, akamgeukia Fundi.

"Fundi, mwambie mkeo."

"Dada, si huyo hapo."

"Namwona. Mwambie sampuli zikija mbovu, kiti hiki hatakigusa tena. Anarudi kwenye beseni lake."

Fundi alitazama ncha ya chuma chake cha kuchomelea kana kwamba jibu lingetokea hapo. Mama Pacha akasema, "Fundi, mwambie dada yako nimesikia. Halafu mwulize, na zikija nzima?"

"Mwambie zikija nzima, beseni nitalishika mimi. Kwa mikono hii."

Mama alikuwa mlangoni, amekuja kuazima mkasi. "Nimesikia," alisema. "Mmenifanya shahidi bila kunikaribisha hata kukaa. Haya, mkasi uko wapi?"

Mama Pacha alianza kuota pete. Alipika huku akichora samaki kwenye mvuke wa kifuniko cha sufuria, na pacha wake wakiwa mezani walichekeana kwamba mama anapungia ugali mkono.

Pete ya mwisho aliikamilisha asubuhi moja kwenye faili jipya lisilo na maelezo ya zamani, saa ya kukabidhi ikiwa imeshafika na Rula ameshasimama mlangoni akitazama saa ya ukutani kwa makusudi. Mchoro unaotoka programu nyingine huangukia kwanza kwenye tabaka la maelezo, na inabaki kazi ndogo ya kuuchagua na kuuhamishia kwenye tabaka la shaba. Mama Pacha aliona hilo litasubiri kesho. Aliinuka, akatazama dari, akapita.

Rula alikaa, akavuta kiti. Gurudumu moja la kiti hicho lilikuwa na mlio kama wa ndege aliyebanwa na mlango, na nyumba nzima ilijua kwa mlio huo nani amekaa, maana Rula alivuta kwa nguvu. Aliitazama pete muda mrefu. Alitafuta kosa kama alivyotafuta siku ile ya kwanza, pembe hadi pembe, ila sasa hapakuwa hata na pembe. Mwishowe alibonyeza kitufe cha maandishi, akachagua herufi ndogo kabisa, akaandika kuanzia kwenye uwazi wa katikati ya pete kuelekea ukingoni, neno la mwisho likapanda juu ya samaki wawili:

"HILI DUARA AU KIAZI?"

Asubuhi Mama Pacha alifungua faili. Alishaacha kuyasoma maelezo siku nyingi, kama mtu anavyoacha kumsikia jogoo wa jirani. Katikati ya pete aliona kijidoa akadhani ni alama ya kitovu. Alibonyeza kitufe cha kukagua makosa, na programu ikamletea malalamiko marefu kuhusu pete, kama ilivyofanya kila mara, kwa sababu mchoro ulioletwa kutoka nje hauna jina la waya wowote na programu haikuutambua. Malalamiko hayo yalikuwa ya uongo tangu siku ya kwanza. Aliyafunga bila kuyapitia. Akachagua kila kilichokuwa kwenye tabaka la maelezo kwa mkupuo mmoja, akakihamishia kwenye shaba ya juu. Vyote vikawa vyekundu, rangi ya shaba kwenye skrini. Akatuma kiwandani.

Sampuli zilipofika, Fundi alikata karatasi ya kifurushi kwa utaratibu wa mtu asiyetaka kufika mwisho. Zilikuwa bodi tano, za kijani inayong'aa, na pete ilionekana chini ya rangi kama mgongo wa nyoka chini ya maji. Rula alikuja asubuhi hiyo, ingawa haikuwa zamu yake. Mama alikuja pia, na mara hii alileta kigoda chake.

Fundi alichomelea vipuri kwenye bodi moja, akaunganisha umeme, akapitisha kidole. Taa ndogo za majaribio ziliwaka moja baada ya nyingine, vizuri, vizuri, kidole kikiteleza. Mama Pacha alishika ukingo wa meza. Kisha kidole kikafika upande wa kulia, na taa mbili zikawaka pamoja na kukataa kuachana.

"Rudia," alisema Mama Pacha.

Akarudia. Upande wa kulia taa ziling'ang'aniana tena. Fundi alichukua mita ya umeme, akagusa kipande kimoja na jirani yake. Mita ikalia.

"Shoti," alisema kwa sauti ya chini.

"Nyingine."

Akapima nyingine. Ikalia. Zote tano zililia mahali palepale.

Rula hakucheka. Alivuta kiti, gurudumu likalia, akakaa na kuweka mikono yake mapajani. "Beseni liko chini ya meza," alisema akiitazama kompyuta. "Fundi, mwambie."

Fundi hakumwambia. Alikuwa ameipeleka bodi dirishani, anaigeuzageuza kwenye mwanga. Akavuta lenzi. Akainamia. Midomo yake ilianza kusogea.

"Kuna maandishi humu."

"Maandishi gani?" aliuliza mama.

"Ya shaba. Hili... hili duara..." Akaendelea kwa kuwa alikuwa ameshaanza. "Hili duara au kiazi."

Kisha mama akasema, "Nani ameandika?"

"Mimi," alisema Rula papo hapo. Hakuwa mtu wa kukana. "Lakini niliandika kwenye maelezo. Maelezo hayachapishwi. Aliyeyabeba akayapeleka kwenye shaba ni mwingine."

Mama Pacha alichukua lenzi. Maneno matatu yalikaa katikati ya pete, madogo, yamenyooka kama yamewekewa rula. La nne lilikuwa limemezwa nusu na vipande, na mabaki ya herufi zake yamelala kwenye upenyo kati ya samaki wawili, yakiwashikanisha.

"Sikuyasoma," alisema, na kwa hasira alisahau kupitia kwa mumewe.

"Hukuyasoma!" Rula naye akasahau. "Mchoraji anatuma bodi kiwandani, hajaisoma!"

"Nisome nini? Matusi yako? Ukimimina siki kwenye kikombe cha mtu kila asubuhi, siku ngapi ataendelea kuonja?"

"Na wewe uliyeniandikia sina kwangu, hiyo ilikuwa asali?"

"Uliita njia yangu mlevi!"

"Ilikuwa mlevi! Ilipinda bila sababu!"

"Kila kitu kikipinda kwako ni ulevi. Ndiyo maana jiko lako liliruka."

"Lilitoka humu halina shoti. Lako lina shoti lenye sahihi yangu."

"Basi mngeambiana kwa mdomo tu..." alianza Fundi.

"Wewe nyamaza!" walisema wote wawili kwa pamoja, na hilo ndilo jambo la kwanza walilokubaliana kwa muda mrefu.

Simu ya Fundi ikaita. Alisikiliza, akasema ndiyo mara nyingi, akaikata. Mtu wa majiko alikuwa njiani. Alikuwa na shughuli upande huo, akaona apite kuziona sampuli.

"Zinakwanguka," alisema Mama Pacha.

Alichukua wembe kwenye kopo la vifaa, akaweka bodi chini ya taa, akainamia upenyo. Upenyo huo ulikuwa mwembamba kama uzi, na herufi ndani yake nyembamba zaidi. Alikwangua mara moja, mbili, na mara ya tatu wembe ukateleza ukakata ncha ya samaki. Fundi alifumba macho. Bodi hiyo ikawekwa pembeni. Akachukua ya pili. Ya pili aliiharibu haraka zaidi.

Rula alikuwa ameketi kwenye kiti anatazama. Hakuwa na haja ya kufanya chochote. Sampuli zilikuja mbovu, maneno yalisemwa mbele ya shahidi, na kama angekaa hivyo hivyo mpaka gari la mtu wa majiko lisimame nje, kiti kingekuwa chake asubuhi na mchana. Mama alikuwa anamtazama yeye, wala hakuzitazama bodi.

Mama Pacha akachukua bodi ya tatu, akaweka ukucha kuongoza wembe. Rula alitoa sauti kama ya mtu aliyemwagiwa maji.

"Unashika wembe kama kijiko. Lete."

"Nini?"

"Lete hapa. Siwezi kukaa nikiangalia mtu anachinja bodi."

Hakusubiri jibu. Aliinuka, kiti kikalia, akafungua droo yake mwenyewe na kutoa kisu kidogo chenye mpini uliozungushiwa kitambaa, kisu cha baba. Akaegemeza mkono wa kulia juu ya kidole cha kushoto, akashusha pumzi, na hakuivuta tena mpaka kipande cha herufi kilipoinuka kama gamba. Akapuliza. Akaendelea na kinachofuata. Mama Pacha alisimama nyuma ya bega lake, karibu kuliko walivyowahi kusimama.

"Unanipumulia shingoni."

"Unanizibia mwanga."

"Basi shika taa, uwe na faida."

Mama Pacha akashika taa. Bodi ya tatu ikapona, na ya nne, na ya tano. Mita ilipogusa, ilinyamaza, na Fundi akaiweka ile yenye vipuri chini ya kioo cha majaribio.

"Na hayo ya katikati?" aliuliza Mama Pacha. Maneno matatu yalikuwa bado yamekaa pale.

"Hayagusi kitu. Hayana kosa."

"Yana kosa."

"La umeme hayana," alisema Rula, akafunga kisu chake.

Mtu wa majiko alikuwa mnene, mwenye adabu, na kidole kama ndizi. Alisalimia kila mtu kwa zamu, akakataa kigoda, akapitisha kidole juu ya kioo cha majaribio. Taa zilipanda zikimfuata. Zilishuka zikimfuata. Alizunguka tena na tena kama mtoto, na mara ya mwisho akafumba macho ili aone kama angehisi mahali kipande kimoja kinapoishia. Hakuhisi.

"Inateleza," alisema. "Hii ndiyo niliyokuwa nasema. Inateleza!"

Aliinua bodi akaielekeza dirishani, kama wanavyofanya watu wanaotaka kuonyesha kwamba wanajua bodi. Akakunja uso.

"Hapa katikati pameandikwa. Hili... duara... au." Akageuza bodi kutafuta mwendelezo. "Au nini?"

Fundi alianza kupanga skrubu ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Rula alitazama dari. Mama Pacha alitazama viatu vyake.

"Ni swali la humu ndani, baba," alisema mama kutoka kwenye kigoda. "Bado tunalijadili."

"Aa." Mtu wa majiko alicheka kwa heshima. "Basi mkipata jibu, msilichape kwenye zangu." Akaiweka bodi chini. "Sasa nina jiko la pili, kubwa. Naomba mnichoree na hilo. Ila pete yake isiwe duara kamili, nafasi haitoshi. Irefuke kidogo, huku inene, huku ipungue." Alichora hewani kwa kidole chake kinene, akakosa neno, akalipata. "Kama kiazi hivi."

Fundi aliondoka haraka kwenda nje. Walimsikia akikohoa uani, kikohozi kirefu kilichopanda na kushuka kama moto wa jiko.

Mtu wa majiko alipoaga, gari lake halijatoka langoni, Rula alikuwa ameshashika mgongo wa kiti.

"Zilikuja mbovu," alisema. "Tulikubaliana."

"Zimeondoka nzima," alisema Mama Pacha, naye akashika mkono wa kiti.

"Nimezifanya nzima mimi!"

"Zilikuwa mbovu kwa mwandiko wako!"

"Uliubeba wewe huo mwandiko, kwa mikono yako!"

"Uliuandika wewe, kwa roho yako!"

Kiti kilivutwa huku na huku, gurudumu likipiga kelele. Mama aliinuka. Aliwatenganisha mikono kidole kwa kidole, kama anavyofungua fundo la kamba, na hakupandisha sauti.

"Mimi ni shahidi. Nilisikia zikija mbovu, huyu anarudi kwenye beseni. Zilikuja mbovu. Nilisikia zikija nzima, yule anashika beseni. Mteja ameziona nzima. Kwa hiyo nyote mna beseni, na kiti hakina mtu." Akaanza kukisukuma kuelekea mlangoni. "Mgongo wangu unauma siku nyingi. Nitakikalia mimi."

"Mama, tutachora vipi?" aliuliza Rula.

"Na miguu mliyopewa ni ya nini? Atakayemwomba mwenzake radhi, nitamrudishia. Na jambo jingine. Hayo maelezo yenu, mkiandika humo tena kitu kisichokuwa kipimo, kompyuta nayo inanifuata sebuleni. Mkitaka kutukanana, tukananeni kwa mdomo. Kiwanda hakichapi midomo."

Akatoka. Mlio wa gurudumu ulipita ukumbini, ukakata kona, ukaishia sebuleni.

Fundi aliporudi aliwakuta wamesimama mbele ya skrini, mmoja kushoto mmoja kulia, wameinama kama watu wanaochungulia kisima. Alileta stuli kutoka jikoni kwa huruma. Mama aliiona ikipita, akaichukua nayo akawekea miguu.

Hakuna aliyeomba radhi siku hiyo, wala iliyofuata. Mama Pacha alishika kipanya, kwa sababu samaki walikuwa wake, na samaki wa kiazi ni wagumu: kila mmoja lazima achorwe peke yake, hakuna kunakili kuzunguka kitovu kwa kuwa kitovu chenyewe hakieleweki kiko wapi. Rula alishika karatasi ya malalamiko ya programu, aliyoichapisha yote, anayasoma moja moja kwa sauti.

"Hili la uongo. La uongo. La uongo. Hili la kweli."

"Lipi?"

"Samaki wako wa nne anagusa wa tano. Huoni? Ama macho nayo yanapinda?"

"Ningeona kama usingeniwekea kiwiko mbele ya skrini."

"Msogeze."

"Nimemsogeza."

"Zaidi. Sio huko! Kwani wewe umezaliwa bila kushoto?"

"Na wewe umezaliwa bila haya."

Miguu iliwauma. Wakahama uzito kutoka mguu huu kwenda mwingine, kila mmoja akihakikisha hafanyi hivyo wakati mmoja na mwenzake. Kwenye tabaka la maelezo palikuwa na vipimo tu. Kutoka sebuleni, kila waliponyamaza kwa muda mrefu, walisikia gurudumu likilia taratibu, mbele kidogo, nyuma kidogo, na wote wawili walikaza meno na kurudi kwenye kiazi.